Mate ya Mzee Kiptanui

Kipruto alinyofoa konzi ya majani machanga ya chai kutoka shamba la watu, akapangusia tope kwenye kiatu chake cha bei. Akayatupa mtaroni, akanyofoa mengine.

Mzee Kiptanui alihisi nyongo ikimpanda. Kuna mama angeyachuma majani hayo alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na huyu anayafanya matambara! Mzee aligeuka, akatema mate. Mvua ikayafuta.

"Twende, gaidi," Kipruto alisema. "Ama betri ya miguu imeisha?"

Gaidi, mwonyesha njia. Hivyo ndivyo mzee mwenyewe alivyotaka kuitwa. Binti yake, Chemutai, alipopiga simu kusema kuna kijana anataka kumchumbia, Kiptanui alitoa sharti: kijana atembee kutoka Kiptere hadi nyumbani Boito, na asiambiwe kwamba mzee anayemtangulia ndiye baba wa msichana. Mtu humjui akiwa sebuleni na tai shingoni. Mpeleke kwenye mvua.

Sharti jingine Chemutai alilijua tayari. Mwaka jana alikuwa ametaja mtu mwingine, Ogada fulani, wa upande wa ziwa. Kiptanui alikata simu kabla ya kuambiwa hata kazi yake. Safari hii jina lilikuwa Kipruto. Mtu wa kwao! Mzee alifurahi, mpaka walipoanza kutembea.

Kijana alijipulizia manukato ndani ya koti la mvua hadi njia nzima ikanuka kinyozi. Jana, walipolala Litein, alikata kucha za miguu mezani, ugali ukifuka moshi pembeni. Kipande kimoja kiliruka kikatua kwenye mboga. Alikitoa kwa kidole na kuendelea kula.

Adhuhuri walijikinga kwenye kibanda cha kununulia majani chai. Kiptanui alifungua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye masizi ambayo mkewe alikuwa ameyatunza kwa ajili ya mgeni. Akammiminia Kipruto kikombe.

Kipruto alinusa. "Mzee, hii kitu inanuka soksi."

Akamwaga yote chini, mbele ya mbwa aliyelowa. Mbwa akalamba. Mzee alitazama ule ulimi mwekundu ukipita kwenye maziwa ya mkewe.

"Nipe mimi, mzee," alisema Joab.

Huyu Joab alikuwa mpagazi aliyekuja na Kipruto, mzaliwa wa kambi ya wachuma chai, mwenye kubeba hema na sufuria bila kunung'unika. Alikunywa hadi masizi ya chini, akafuta midomo. "Kongoi," alishukuru, kwa Kikipsigis safi. Kiptanui hakumuuliza ukoo wake. Mtu akinywa mursik bila kukunja uso, unamuuliza nini tena?

Kipruto alimtupia Joab jicho, kisha akacheka peke yake.

Jioni walifika mtoni. Maji yalikuwa yamepanda, mekundu kama udongo wenyewe, na daraja lilikuwa gogo moja. Kiptanui alitangulia. Katikati, mguu ulimteleza. Aliangukia majini, akashika mzizi, mkondo ukimvuta miguu.

Kwenye ukingo Kipruto aliruka hatua moja mbele. Kisha akasita, akamtazama Joab, akatoa simu.

"Gaidi anaogelea!" alipiga kelele, akichukua video. "Salimia samaki!"

Joab alitupa mzigo, akaingia majini hadi kifuani, akamkamata mzee kola ya koti na kumburuta nje kama ndama.

Kiptanui alikohoa maji hadi pumzi ikarudi. Hakumwangalia Kipruto. Kumwangalia kungekuwa kama kukanyaga kinyesi mara ya pili.

"Una mke?" alimuuliza Joab.

"Bado, mzee. Kuna mlango nimebisha. Haujafunguliwa."

"Basi ni nyumba ya wajinga. Fungua shati."

Joab alifungua vifungo. Mzee alimtemea mate kifuani, polepole, kama wazee wa kwao wanavyobariki. "Mlango huo ufunguke. Huyo unayemtaka umpate, na akuzalie."

Baraka ya namna hiyo hairudishwi. Marehemu baba yake Kiptanui aliwahi kumtemea hivyo mgeni ambaye baadaye alijulikana kuwa mwizi wa ng'ombe wake, na hadi anazikwa hakuthubutu kumlaani.

Walifika Boito mvua ikiwa bado inanyesha. Chemutai alitoka mbio akiwa na gambuti miguuni, mama yake akabaki barazani. Kiptanui alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Chemutai! Mimi ndiye baba yako, na huyu jamaa sasa ajue," alinguruma. "Mtu wako nimemwona! Taka tupu! Hata mbwa wangu simpi. Bora ungeniletea huyu anayebeba sufuria!"

Kipruto aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka.

Chemutai alimpita bila kumwangalia, akasimama mbele ya mpagazi.

"Alikutemea?"

"Kifuani."

Chemutai aliushika mzigo mgongoni mwake, akaushusha taratibu. "Basi karibu nyumbani, Ogada."

Kipruto alikuwa ameshafika barazani. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akagida mursik hadi tone la mwisho, akalamba masizi midomoni. "Kongoi, mama," alisema. "Tangu adhuhuri nimekuwa nikiitamani."