Kamelia ya Uani kwa Shangazi

Shangazi alishika mkasi wa kupogolea, nasi sote uani tukamsogelea.

Mgeni wa chama cha kimataifa cha wakuza maua ya kamelia alikuwa ameinamia ua moja, jeupe lenye michirizi myekundu. Alishatuambia kwamba aina hii imekwisha kila mahali, umebaki mti huu tu. Aliomba vipandikizi vikapandwe bustani ya mji.

Bustani ya mji! Mkuu wake ndiye huyo pembeni, anafuta jasho. Mimi sisahau. Ndiye aliyeng'oa kamelia zote ili magari yapate pa kuegeshwa, na shangazi akaliokota tawi lililokuja kuwa mti huu kwenye lori la taka huku wakimcheka.

“Wanyime, shangazi,” nikasema kwa sauti, wasikie.

“Hasira zako zitakuzeesha unipite,” akanijibu, akipapasa jani nene linalong'aa kama limepakwa mafuta. “Mti huu ukibaki kwangu peke yangu, siku nikifa nao umekufa. Nitakuwa nimemkomoa nani?”

Akakata kipandikizi, akampa mgeni. Cha pili akamnyooshea mkuu wa bustani, lakini hakukiachia.

“Hiki utakipanda kwa mkono wako, baba. Pale pale unapoegesha gari lako.”

Mkuu akamtazama mgeni. Mgeni akatazama mawingu.

“Lakini mama, pale si pana lami?”

“Lami inavunjika,” akasema shangazi, akitabasamu.

Mimi nilikuwa nimeshaingia stoo kumtafutia sururu.