Alama ya Elinihaki

Kila nyumba ya mgonjwa aliyekuwa kwenye majaribio ya dawa ilitundikiwa jikoni kioo cha kuonyesha matokeo, chenye mistari miwili: wa bluu kwa waliopewa dawa mpya, mwekundu kwa waliobaki na ya zamani. Akifa mtu, mstari wa kundi lake ulishuka. Akijitoa, mstari haukushuka; aliwekewa kialama tu juu yake, kuonyesha alikuwa hai alipoonekana mara ya mwisho.

Elinihaki aliposhindwa kumeza hata uji, mkewe Nakijwa alimpigia nesi.

"Mtoeni mume wangu kwenye majaribio."

"Mama, si amebakiza siku chache tu duniani?"

"Ndiyo maana nasema mtoeni leo."

Walimzika Jumamosi. Tangu hapo, kila asubuhi Nakijwa alikifuta kioo masizi kwa upindo wa khanga na kuisalimu ile alama kwenye mstari wa bluu: "Umeamkaje, baba Neema?"

Kina mama wa mtaani, wote wakiuguza waume waliopewa dawa mpya, walimwuliza alivyofanya hadi mumewe akabaki na alama. Akawaeleza. Mstari wa bluu ukajaa alama, ukaacha kushuka.

Siku redio ilipotangaza kwamba dawa mpya imeshinda, Neema, aliyekuwa akikohoa tangu juzi kama baba yake alivyoanza, aliingia jikoni akitabasamu, kopo la dawa mkononi.

"Mama, nimeipata! Ile ya baba."