Tambi za Benedikta

"Mzee, weka hiyo chupa chini," meneja aliniambia, akatupa paketi ya tambi za dukani mezani. "Hili ni soko huria. Chemsha hizi, fundi ale arudi kwenye mashine."

Nilikuwa nasukuma unga kwa chupa ya soda, kama mke wangu Benedikta alivyofanya. Yeye ndiye aliyempikia huyu fundi Mwitaliano tangu aletwe Bariadi kutengeneza mashine za kuchambua pamba. Kwa mama yake hawakula za paketi, fundi alimwambia, akamwelekeza: unga, mayai, basi. Benedikta alizikata nyembamba, akazianika kwenye ungo kama michembe ya viazi vitamu. Siku alipozila, yule mzungu alifunga macho.

"Hii mama yangu," akasema.

Benedikta tulimzika mwezi wa tatu. Alipougua, wakubwa walisema tuchangie matibabu, tuje na sindano na dripu zetu, wao wakapanda magari wakaenda semina. Ushirika wetu wa pamba wameshaua. Sasa wanataka na hizi?

"Hujasikia? Paketi au geti. Wapishi wamejaa huko nje."

Nilitazama unga. Ulikuwa wa manjano kwa mayai ya kienyeji, mwembamba hata mistari ya mbao ilionekana chini yake. Tangu nirithi jiko lake, ulikuwa haujawahi kunitokea hivyo.

Meneja akanyoosha mkono aukunje ule unga, autupe. Nikaudaka mkono wake hewani.

"Kanawe kwanza, bosi," nikamwambia.