Kovu la Mahanyu

Bi Tausi aliingia ukumbini kupumzisha miguu tu. Kuta zilijaa kazi za maisha yote ya mpiga picha mmoja Mchina, sasa marehemu: upande huu nyuso za watu, upande ule milima na mabonde. Alizipita nyuso moja baada ya nyingine mpaka akakutana na mumewe.

Alikuwa Mahanyu hasa, na lile kovu lake juu ya jicho. Amebeba mtoto mabegani, anacheka. Chini pameandikwa mwaka, na Bi Tausi akausoma mara tatu. Ulikuwa mwaka wa nne tangu aambiwe kwamba mto umemchukua, akamlilia na kumkalia eda.

Binti wa mpiga picha, aliyekuwa amemkaribisha mlangoni, alimwona amekwama hapo, akamshika mkono. "Unamfahamu, mama?"

"Ni mume wangu. Baba yako alimpiga picha wapi?"

Binti akaishusha picha na kuigeuza. Nyuma palikuwa na mstari mmoja wa Kichina. Aliusoma kimoyomoyo kwanza.

"Ameandika, 'Ameniomba nisiionyeshe maadamu yu hai.'"

"Kwa hiyo amekufa?"

"Sijui, mama. Niliitundika bila kuigeuza. Lakini mlima huo nyuma yake ni ule pale, kwenye picha ya ukuta wa pili."

Bi Tausi akavuka ukumbi. Chini ya mlima palikuwa na nyumba moja ya udongo, mlango wazi. Aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha picha na nyumba ikapotea. Akapangusa kwa ncha ya kanga, akatazama tena.