Taulo la Msumari wa Mwisho

Katika kibanda cha Chambuso kinyozi, kila mteja wa siku nyingi alikuwa na taulo lake, na kila taulo lilikuwa na msumari wake ukutani. Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Tatu alileta kopo la mchango wa mnara. Jina la kaka yake, Hemedi, lingechongwa kwenye mnara huo.

"Lining'inize pale kwenye msumari wa mwisho," alimwambia Chambuso.

"Pale hapana, dada. Wala sitachanga."

"Bahili hata kwa marehemu!" alifoka mteja aliyekuwa kitini, povu limemjaa kidevuni. "Na mlivyokuwa chanda na pete na Hemedi! Leo ndiyo mwisho wangu kunyolewa hapa."

"Mwache," alisema mwingine mlangoni. "Mnara utamrudisha nani?"

Tatu hakuwasikiliza. Alilishika taulo la msumari wa mwisho ili aliondoe, akasita. Lilikuwa bichi, linanukia sabuni.

"La kaka hili? Bado unalifua?"

Chambuso aliendelea kunoa wembe. "Akirudi, atajifutia nini?"

Mwenye povu aliegemea kitini, akamwinulia Chambuso kidevu. Tatu aliliweka kopo chini, akalikunjua taulo, akaanza kuzinyoosha pembe zake taratibu, huku maji yakimdondokea viatuni.