Sneya ya Mjeledi

Salu aliongeza sauti ya spika pale uani hadi mwisho, akabonyeza kitufe cha kompyuta.

Paah!

Asubuhi nzima alikuwa akitengeneza mlio wa sneya, ngoma kali ya kupasua masikio, kwa ajili ya wimbo wake wa kielektroniki uliojaa makelele ya viwandani. Alianza na mlio wa mjeledi wa baba yake, aliourekodi kwa simu msimu uliopita, kabla baba hajafariki. Akachanganya na nyundo juu ya bati, akaukwaruza kwenye kompyuta mpaka ukawa kama chuma kinachochanika. Humo ndani hata yeye hakumsikia baba tena.

Nyuma ya ua, mama yake alikuwa ameshika plau, amekata tamaa. Maksai wawili walikuwa wamelala na nira shingoni. Tangu msiba, hakuna aliyeweza kulima nao. Baba hakuwachapa kamwe; aliupasua mjeledi hewani tu, ukalia paah, nao wakaenda.

Sasa walikuwa wamesimama, masikio yameelekea kwenye spika.

"Salu! Umewafanya nini?"

"Sijui, mayu," Salu alimjibu mama yake.

Akabonyeza tena. Maksai wakainamisha vichwa, mnyororo ukakaza, udongo mweusi ukaanza kupinduka.

Walipofika mwisho wa shamba wakasimama, wakasubiri.

"Baba yako alikuwa anapasua mara mbili wageuke!" mama alipaza sauti.

Salu akabonyeza mara mbili.

Wakageuka.