Mashine Inayosema

Juu ya meza ya kukatia vitambaa, muuzaji alipanga mashine mbili za kushtua moyo uliosimama.

"Hii ya kushoto, mama, inaonyesha picha tu. Ya kulia inakuelekeza kwa sauti. Hata asiyejua kitu hakosei."

Msimamizi wa karakana aliipenda ile ya kulia papo hapo. Muuzaji alipoiwasha, sauti ya mashine ilikuwa ya mtu asiyebabaika.

"Basi tuijaribu, kaka," akasema, akajilaza chali sakafuni, katikati ya vyerehani. Mgonjwa wa moyo pale alikuwa yeye, nani mwingine? Uzi mwekundu ulikuwa bado umemnasa kidoleni.

Mafundi wakaacha kushona, wakamzunguka.

"Fungua nguo kifuani," mashine ikasema.

Hakuna aliyetikisika.

"Fungua nguo kifuani."

Msimamizi akafumbua jicho moja. Mafundi wote walikuwa wanaitazama mikono yake, wakingoja iwatafsirie kwa ishara, kama inavyowatafsiria wateja na simu kila siku. Katika karakana yake, mwenye kusikia alikuwa yeye peke yake.

Muuzaji akaongeza sauti.

Msimamizi, angali chali, akanyoosha kidole chenye uzi kuelekea ile ya kushoto.